Kwa nini mtu mpole hukimbia pamoja na umati?

SUALI: Assalamu alaykum Mhariri. Siku mbili kabla ya Iddi nilikuwa bandarini Unguja nikisubiri boti ya kurudi Pemba. Foleni ilikuwa imetulia, hadi kijana mmoja alipobeba begi lake na kuliendea geti mbio. Punde tukakimbia sote, na mimi nisiye na desturi ya kusukumana nikajikuta mbele, kubadhi moja mguuni na jingine sijui liliko. Geti lilikuwa bado limefungwa. Je, ni kweli kwamba mtu akiingia katika umati akili humtoka?
Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yetu. Dhana hiyo ilivumishwa na Mfaransa Gustave Le Bon, aliyeandika mwaka 1895 kwamba umatini mtu hupoteza nafsi yake na hisia huambukizana kama maradhi. Wanasosholojia wengi wa leo hawaikubali, na kisa chako mwenyewe kinaipinga: ulikimbilia getini, hukukimbilia baharini.

Maelezo yanayokufaa zaidi ni ya mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter, aliyeeleza mwaka 1978 kwamba kila mtu ana kizingiti chake, yaani idadi ya watu anaohitaji kuwaona wakitenda jambo kabla naye hajatenda. Chukua watu 100, wa kwanza akiwa hahitaji kumwona yeyote, wa pili akihitaji mmoja, wa tatu wawili, na kuendelea hadi anayehitaji 99. Akianza wa kwanza, watafuatana wote. Sasa mtoe huyo wa pili tu, umweke mtu anayehitaji kuona wawili. Wa kwanza atakimbia peke yake na kuonekana hamnazo, ilhali wale 98 waliobaki ni wapole au wakali vilevile kama mwanzo. Huenda wewe ulihitaji kuona arubaini, na kwa bahati mbaya arubaini walipatikana.

Lakini kwa nini mbio zile zilikuwa na maana kwenu? Wanasosholojia wa Marekani Ralph Turner na Lewis Killian, katika kitabu chao cha mwaka 1957, walisema kwamba hali isipoeleweka, watu hutazamana ili wajue lipi linafaa, na kitendo cha mmoja kinaweza kugeuka kanuni ya wote kwa muda ule. Mlikuwa mmesimama bila ya kuambiwa lolote. Kijana akawa ndiye tangazo.

Pale ambapo kanuni inajulikana tangu zamani, mambo huwa mengine kabisa. Nenda Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwezi wa Julai, siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ambapo watu hutoa vinyongo vya mwaka uliopita, uone wanaume wakitandikana kwa migomba huku wanawake waliojipamba wakiimba, na kibanda cha makuti kikitiwa moto. Mgeni atadhani ni fujo (wapo wanaorudi nyuma kwa hofu), ilhali kila mwenyeji anajua silaha ni mgomba tu, na anajua wakati wa kuacha. Umati mkubwa, hasira za mwaka mzima, na bado hakuna aliyepoteza akili.

Kwa hiyo usijilaumu kwamba uliingiwa na wazimu. Uliisoma hali kwa ishara moja uliyopewa, na ishara yenyewe ilikuwa ya uongo. Ungemuuliza yule kijana, pengine angekwambia kwamba alimwona ndugu yake karibu na geti, akaenda kumwamkia.