Ada ya kukaguliwa unaponunua bunduki Marekani

Kaka, umeuliza kwa nini wewe California umelipa dola 37.19 na binamu yako Texas hakulipa serikali hata senti. Hujaibiwa. Mfumo wa FBI (idara ya upelelezi ya taifa) wa kukagua rekodi za wanunuzi, ulioanza Novemba 1998, hautozi ada. Texas maduka huuliza FBI moja kwa moja. California ukaguzi hufanywa na jimbo lenyewe, nalo hukutoza gharama zake, kisha unasubiri siku 10 ndipo ukabidhiwe silaha. Virginia nao hukagua wenyewe, ila mkazi hulipa dola 2 tu. Kwa hiyo kila jimbo na bei yake. Binamu akiagiza kwa mtandao, duka litakalopokea silaha na kumkabidhi litamdai malipo yake, lakini hayo ni ya duka.

Mimi ada hainisumbui kama muda. Sheria ya taifa inaruhusu duka kumuuzia mtu ikiwa siku 3 za kazi zimepita bila jibu la FBI. Aliyewaua watu 9 kanisani Charleston mwaka 2015 alipata bastola kwa mwanya huohuo, na rekodi ya kumzuia ilikuwepo! Siku 10 zako zivumilie.

Halafu, kwa kuwa wengi humu ni wageni: mwenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) anaruhusiwa kununua. Mwenye viza ya masomo au matembezi kwa kawaida haruhusiwi. Usidanganye kwenye ile fomu 4473 unayojaza dukani unaponunua, ni kosa la jinai.