Obama aliwezaje, na mimi kwa nini siwezi

Binamu, ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili. Unasema Obama, mtoto wa Mluo wa Kogelo, alitawala Marekani miaka minane. Mimi nina uraia, nimekaa huku karibu miaka 20, nangoja nini? Na shangazi anasikika kwa nyuma akicheka.

Siwezi. Katiba ya huku inataka mgombea urais awe raia wa kuzaliwa, ametimiza miaka 35, na ameishi nchini miaka 14. Elimu hawaulizi. Harry Truman aliingia Ikulu mwaka 1945 hana digrii. (Msishangae, hata Katiba yetu ya Tanzania ya 1977 haidai digrii.) Mimi nimekwama hapo kwenye kuzaliwa. Obama hakuja huku na begi kama mimi. Aliyetoka Kenya ni baba yake, alikuja kusoma. Yeye kazaliwa Honolulu mwaka 1961, mama yake mtu wa Kansas.

Na bado walimsumbua. Mtu amesoma sheria Harvard, amefundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago, amekuwa seneta wa jimbo la Illinois kisha akaingia Seneti ya Marekani, lakini wengine wanadai cheti cha kuzaliwa! Aprili 2011, tayari ni rais, akakitoa hadharani. Siku hizo nilikuwa nabeba boksi kwenye nyumba ya wazee. Mzee mmoja niliyekuwa namwogesha akaniuliza kama namfahamu aliyemtengenezea kile cheti. Nikaendelea kumsugua mgongo. Ndiyo kazi iliyokuwa inalipa kodi ya nyumba, na ile hela ya bati mliyoipokea.

Nirudi nigombee huko? Miaka 40 inayotakiwa kwa mgombea urais huko nimeshaipita. Lakini Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo siku nilipokula kiapo cha huku, wa kwetu ukaondoka. Mliona picha nimeshika kibendera, mkapiga vigelegele. Hiyo sehemu nyingine niliinyamazia. Nikija msibani nakuja kwa viza, na kura yenu sipigi.

Anayeweza ni binti yangu, kazaliwa hapa hapa. Ana miaka tisa. Kiswahili chake kinaishia kwenye shikamoo, kwa hiyo shangazi aanze kutafuta mkalimani.