Re: Ratiba ya chakula ya wiki mnapangaje hela isiishe mapema?

Dada mi naona wengi tunaanzia pabaya, tunaandika menyu kwanza halafu ndo tunaenda kununua, wakati ilitakiwa ufungue friji na kabati uone kuna nini, ile nusu kabichi iliyoanza kusinyaa ndo inaamua mnakula nini kesho sio wewe. Mboga za majani zipike siku za mwanzo, karoti na viazi vinaweza kusubiri. Maharage loweka usiku, chemsha mengi kwa mpigo halafu gawa kwenye makopo ugandishe, maana gesi nayo si ni hela jamani. Siku moja ya wiki usiipangie kitu, hiyo ni ya viporo, watoto watanuna kidogo ila watakula. Na sokoni usiende na njaa.