Endometriosisi na kutafuta mtoto: jibu kwa dada wa Kibaigwa

Dada uliyeuliza kama maumivu makali ya hedhi, huku picha ya utrasaundi ikisomwa kuwa haina shida, yana maana kwamba hutapata mtoto, nakujibu nikiwa ninaishi na ugonjwa huu hapa Dodoma mjini.

Picha safi haimaanishi kuwa huna endometriosisi. Tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake, kwenye ovari, nyuma ya kizazi au karibu na utumbo, na kwa kuwa nazo huitikia homoni za kila mwezi, huleta uvimbe na makovu. Vidonda vidogo vya juu juu mara nyingi havionekani kwenye utrasaundi. Picha zangu pia zilisomeka safi, mpaka daktari mmoja aliponiuliza kama siku za hedhi huumia ninapokwenda haja kubwa, na kama tendo la ndoa huniumiza kwa ndani. Hayo yataje hata usipoulizwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tatizo hili huwapata takribani asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Wengi wao hushika mimba bila msaada wowote. Wanaochelewa, mara nyingi ni kwa sababu makovu yamegandisha ovari na mirija, au uvimbe umeathiri mayai. Ukali wa maumivu, hata hivyo, hauonyeshi ugonjwa umeenea kiasi gani.

Ninalokusihi zaidi ni kumwambia daktari, kabla hajaandika dawa, kwamba unatafuta mtoto. Vidonge vya majira na dawa nyingine za homoni hutuliza maumivu vizuri, lakini kwa kawaida huzuia mimba muda wote unapozitumia. Upasuaji wa matundu madogo unaweza kuongeza uwezekano wa kushika mimba, hasa ugonjwa ukiwa haujaenea sana. Ila ovari ikiguswa, akiba ya mayai inaweza kupungua, kwa hiyo liulize hilo kabla ya kusaini fomu. Ikiwa una miaka 35 au zaidi, usisubiri mwaka mzima. Miezi sita ya kujaribu inatosha kuonana na mtaalamu, na upandikizaji wa mimba (IVF, yaani yai kurutubishwa maabara kisha kuwekwa kwenye mfuko wa uzazi) ni njia inayostahili kuzungumzwa mapema.

Hizo dawa za kuweka ukeni ulizoletewa na wifi yako ili "kusafisha chango" ziache kabisa, kwa maana haziondoi vidonda vilivyo nje ya kizazi, na zinaweza kukuletea maambukizi.

Mumeo naye apimwe mbegu sasa, sambamba na vipimo vyako, hata kama mama mkwe ameshaamua kuwa tatizo ni lako. Kipimo chenyewe ni chepesi: anakaa siku 2 hadi 7 bila kutoa mbegu, kisha anapeleka sampuli maabara.