Usichague klasi kwa kuangalia chati

Kila mtu anayetaka kuanza World of Warcraft Classic, lile gemu la mtandaoni, ananiuliza achukue klasi gani, yaani mpiganaji wa aina gani, na kabla sijajibu keshanitumia chati ya nani anapiga zaidi. Hiyo chati ilinilia miezi mitatu, ngoja niwahadithie.

Classic ilipotoka Agosti 2019 mi niko Dar, nacheza seva ya Ulaya, euro 12.99 kila mwezi, reidi, yaani kundi kubwa la wachezaji kwenda kuua mabosi, inaanza saa mbili usiku kwao ambayo kwetu ni saa tatu, na baridi yao ikiingia wanarudisha saa nyuma inakuwa saa nne, asubuhi uko kazini macho mekundu kama umetoka kilioni. Ukijitesa hivyo lazima utake kuwa juu. Chati zote zilisema Warrior, nikachukua Warrior. Aisee! Kumfikisha leveli 60, ya mwisho, ni adhabu, unaua nguruwe mmoja unakaa chini kula mkate, huku Hunter anapita na mnyama wake hata hajachubuka. Nilipofika nikakuta reidi ya watu 40 na Warrior wamejaa tele, wote tunautolea macho upanga uleule.

Na chati haikusema kwamba upande wa Horde, mmoja wa pande mbili za gemu, ule ukali wa Warrior sehemu kubwa anampa Shaman, klasi ya mganga, akichomeka chini totemu yake ya Windfury kundi lake zima la watu watano ndani ya reidi linapiga kama limepandisha mashetani. Wiki nikiwekwa kundi lisilo na Shaman namba zangu zinaporomoka, mikono ileile, upanga uleule. Afu enzi hizo bosi alikuwa anabeba debafu 16 tu mwilini, yaani sumu na laana anazobandikwa, ikizidi moja nyingine inasukumwa nje, kwa hiyo Warlock, mchawi anayependa kuua taratibu kwa sumu, alikuwa anaambiwa aache, arushe kombora la Shadow Bolt basi. Sasa huyo utasema klasi yake dhaifu? Nafasi ndo zilikuwa hazitoshi.

Nikamwacha Warrior, nikaanza Druid wa Feral, yule anayepigana kama paka. Gildi ya kwanza niliyoomba, yaani timu ya wachezaji, wakaniambia kuwa mponyaji au katafute kwingine. Nikatafuta kwingine. Na nawe fanya hivyo, tena uliza mapema, ukiwa leveli 30 hivi, gildi ina pengo gani na wanakuona nani, maana kuambiwa habari hiyo ukiwa 60 inauma. Paka ukimpima peke yake wa kawaida tu, ila mweke kundi moja na Warrior wanne, wote wanapata kritiko, yaani bahati ya pigo kubwa, asilimia 3 ya bure, mponyaji akifa vitani anamfufua, mambo yakiharibika anageuka dubu anayestahimili vipigo.

Kazi yake sasa. Kuna rungu linaitwa Manual Crowd Pummeler, linatoka kwa bosi mmoja huko Gnomeregan, lina chaji 3, kila chaji inakuongezea kasi asilimia 50 kwa sekunde 30, zikiisha limebaki kuni. Basi kabla ya reidi naingia mashine iliyoko mji wa Booty Bay inanirusha humo ndani, nanyata, naua bosi, mara limetoka mara halijatoka, natoka narudia, na gemu inakuruhusu mara 5 tu kwa saa. Kwa mwenzangu ule ni utumwa, mi nilikuwa nawasha mpira redioni naokota marungu raha mustarehe. Na Warrior nilikuwa nasinzia ndani ya nusu saa. Kwa hiyo nikiulizwa klasi gani, mi nauliza uchoshi gani unauweza, maana uchoshi kila klasi unao. Kama raha yako ni namba chukua Warrior, sikatai, ila tafuta urafiki na Shaman kwanza.

Usiku mmoja ndani ya Molten Core, reidi mojawapo, tanki wetu, yule anayebeba vipigo vya bosi, alikatika intaneti, bosi akageukia waponyaji, nikajigeuza dubu nikamvuta, kama sekunde ishirini hivi, waponyaji wanapiga kelele nani kamshika nani kamshika.

"Paka," mtu akajibu.