Kwa Simu Kila Mtu Yuko Poa

Anti anajibu maswali ya wasomaji

SWALI: Anti sasa. Mimi ni mwanaume wa miaka 36, nauza kava na chaja za simu pale Luthuli, naishi Githurai 45 na mke na watoto wawili. Natoka kwa nyumba saa kumi na moja na nusu asubuhi watoto wamelala, narudi saa tatu usiku watoto wamelala. Jumapili ndio ilikuwa siku yangu ya kupumzika lakini siku hizi hata Jumapili nafungua hadi saa nane juu kodi ya duka imepanda na karo haingoji mtu. Mke wangu anasema watoto wananijua kama mpangaji. Mama yangu yuko Murang'a namtumia kitu kidogo kila mwezi bila kukosa, na mabeshte wangu wa zamani tuko nao kwa grupu ya WhatsApp tunatumiana vichekesho. Sasa nauliza kwa heshima tu, hii mambo ya kukaa na familia na marafiki ina faida gani hasa, ama ni raha ya watu wenye wameshaomoka? Mimi nikikaa Jumapili nzima hivi hivi naona nimepoteza pesa.
Baba Wawili, Githurai

JIBU: Baba Wawili, asante kwa kuandika na pole na mbio. Sitakuambia hujali watu wako, mtu asiyejali haamki hiyo saa. Lakini hiyo ya kutuma kitu kidogo na kuweka vichekesho kwa grupu halafu ukahesabu umeonana na watu, wacha nikuambie vile ilinifunza mimi.

Nina kaka yangu anaishi Zimmerman, mimi niko Donholm. Ni matatu mbili tu, unashuka tao unapanda ingine, na tulikaa miezi minane bila kuonana. Si ati tulikosana, tulikuwa tunaongea kila wiki, nikimuuliza uko aje anasema niko poa, akiniuliza na mimi nasema niko poa, halafu mmoja wetu anasema wikendi ijayo lazima tupatane, basi inaisha hivyo. Jumamosi moja nilikuwa nimepeleka mzigo wa mtu Kasarani nikaona si niingie kwake tu bila kupiga simu. Nikamkuta anafua. Tukakaa hapo mlangoni, yeye kwa kiti cha plastiki mimi juu ya ndoo niliyoigeuza, tukaongea hadi jua likashuka nyuma ya ploti za ng'ambo. Hapo ndipo nilianza kuona. Alikuwa na jagi ya maji ya lita mbili kando ya mguu, na kwa hayo masaa aliijaza mara tatu, na kila baada ya muda kidogo anaenda choo, ile ya mwisho wa koridoo, anarudi, anakunywa, anaenda tena. Aliposimama kuanika shati nikaona mshipi wake una matundu mawili mapya ametoboa na msumari. Nikamuuliza umekonda tangu lini, akasema ah, ni kazi na jua.

Jumatatu nilimchukua tukaenda akapimwa sukari, ikapatikana iko juu sana. Kiu isiyoisha, kukojoa kila saa, kukonda bila sababu, hizo ni dalili za kisukari zinazojulikana, lakini mwenye nazo huwa ameshazizoea zikija polepole, na kwa simu hazisikiki. Na kaka yangu hakuwa ananidanganya hiyo miezi yote, yeye mwenyewe alidhani yuko poa. Leo anatumia dawa na anaendelea vizuri, na mimi kila nikifikiria hiyo jagi nashukuru Mungu kwa ule mzigo wa Kasarani.

Sasa hiyo faida ndio naiweka mbele ya zote: mtu wako akikuona kwa macho anaona kitu hata wewe hujajua. Mama yako huko Murang'a atakuambia yuko poa hadi siku ya mwisho, wamama wetu ndivyo walivyo, hawataki kukusumbua na unajitafutia. Ni ukifika ukae jikoni kwake ndio utaona kama kuni anabeba mwenyewe ama ameshindwa, kama anashika ukuta akiinuka.

Kuhusu kama ni raha ya walioomoka. Chuo cha Harvard kule Marekani kilianza mwaka wa 1938 kufuatilia maisha ya wanafunzi wake wa kiume, na utafiti mwingine Boston ulikuwa umechukua vijana wa mitaa ya watu maskini kabisa, baadaye wakaunganishwa, jumla wanaume 724, wakawa wanaulizwa maswali na kupimwa damu tena na tena hadi wakazeeka, na kazi hiyo bado inaendelea na watoto wao. Robert Waldinger, daktari wa magonjwa ya akili anayeiongoza, anasema walipoangalia nyuma waliona waliokuwa wameridhika na uhusiano wao na watu wakiwa na miaka 50 ndio walikuwa na afya nzuri zaidi wakifika 80, na hilo lilitabiri afya yao ya uzeeni vizuri kuliko kiwango cha kolesteroli, yaani mafuta kwa damu. Vijana wa mabanda walikuwa humo pamoja na watoto wa matajiri. Na ukifikiria si ajabu, jambo ukilibeba peke yako mwili unakaa kama unangoja kupigana, moyo unaenda mbio, usingizi unakataa, presha inapanda, na ukipata wa kumwambia mwili unashuka. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa ripoti 2025 likasema upweke unahusishwa na vifo kama 871,000 kila mwaka duniani. Hiyo ni idadi ya kutisha, na wengi wao nina hakika walikuwa na simu mfukoni.

Kodi ni ya kweli na sitajifanya siioni. Ndio maana sikuambii ufunge Jumapili yote. Chukua daftari, Jumapili nne zinazokuja andika umeuza ngapi na faida ni ngapi ukitoa nauli na chakula, halafu uangalie hiyo pesa mkiwa wawili na mama watoto, si peke yako usiku umechoka. Inawezekana inalipa, inawezekana mnapata Jumapili moja kwa mwezi ya kufunga na hakuna kinachoanguka. Ungekuwa umeandikwa na mtu, Sheria ya Ajira ya 2007 ingemlazimu akupe angalau siku moja ya kupumzika kwa kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi ukimaliza mwaka. Wewe ndiye bosi na hujajipa hata nusu ya hiyo.

Na zile Jumapili unafungua, ukifunga saa nane usikimbilie stegi. Waambie mama na watoto wapande gari wakupate tao, mkae Jeevanjee chini ya miti, mnunue njugu, watoto wakimbizane na njiwa, mrudi pamoja. Watoto waone pia hapo kwa duka baba anashinda wapi, wewe hujui vile hiyo picha inamkaa mtoto kichwani. Jumapili ukiwa nyumbani pika nao chapo. Mkubwa mpe chupa asukume yake, itoke ramani ya Kenya haidhuru. Mtoto ukimkalisha umuulize shule iko aje atakujibu poa, hata yeye ameshalijua hilo neno, lakini mikono yake ikiwa na unga anaanza kuongea mwenyewe bila kuulizwa, utasikia mwalimu gani anamuogopesha na nani alimnyang'anya penseli. Halafu asubuhi moja kwa wiki, chagua ile siku biashara iko chini, chelewa kufungua umpeleke mtoto shule kwa miguu. Hizo dakika kumi na tano ameshika mkono wako zitamtosha kukutoa kwa orodha ya wapangaji.

Murang'a si mbali na wewe unajua, magari yanapita hapo hapo kwako Thika Road. Nenda ulale usiku mmoja. Usiende kwa ile ya kushuka, kula, kuangalia saa, kurudi. Mabeshte usingoje wapatikane wote maana grupu ya watu ishirini haipatikani milele, mpigie mmoja tu, mwambie Jumatano jioni nitakuwa kwa kibanda fulani nakula madondo, kuja.

SWALI: Anti, nina miaka 24, nilitoka Voi nikaja Nairobi miezi saba imepita. Nakaa bedsita Roysambu, kazi yangu ni ya intaneti, nasikiliza sauti naandika, kwa hivyo sina ofisi wala wenzangu wa kazi. Kuna wikendi naanza Ijumaa jioni hadi Jumatatu sijaongea na mtu isipokuwa mama mboga. Nilienda kanisa moja mara tatu nikaona kila mtu ana watu wake nikaacha. Marafiki hupatikana wapi hapa Nairobi?
Mgeni, Roysambu

JIBU: Mdogo wangu, nimesoma barua yako mara mbili. Miezi saba ni mingi ya kukaa kimya hivyo, na hakuna kitu kibaya na wewe, huu mji watu wanapishana tu.

Ile mara tatu ndio nataka tuongelee. Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas anaitwa Jeffrey Hall, mwaka wa 2018 alitoa utafiti wake kuhusu muda ambao urafiki unachukua, akapata kwamba ni kama masaa 50 mkiwa pamoja ndio mtu aanze kutoka kwa kujuana tu awe rafiki wa kawaida, kama 90 awe rafiki kweli, na zaidi ya 200 awe wa karibu. Tena masaa ya kazi hayakusaidia sana kama yale ya kupumzika na kupiga stori. Sasa hesabu na mimi, ibada ya masaa mawili mara tatu ni masaa sita, na hayo umekaa umeangalia mbele. Hukukataliwa hapo, uliondoka mapema. Mkikutana masaa mawili kila wiki, hayo 50 ni wiki 25, karibu nusu mwaka, kwa hivyo usihukumu watu kabla.

Rudi, lakini usirudi kwa ibada peke yake, ingia kwaya au wale wanaopanga viti, mahali watu wanabaki baada ya wengine kutoka wakinywa chai. Kama kanisa si lako sana tafuta watu wa kwenu, Wataita wako wengi hapa mjini na mahali wako wengi hukosi chama, na kwa chama huwezi kupotea, ukikosa kikao kimoja simu inalia. Matembezi ya Karura pia nayapenda sana, ni msitu uko hapa hapa mjini na uko hapo leo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walipigwa 1999 wakiukinga usiuzwe, tafuta kikundi kinachoenda Jumamosi asubuhi utembee nacho, mtu akitembea kando yako si lazima umwangalie usoni, maneno yanakuja rahisi. Mara ya kwanza na watu usiowajua iwe mchana na mahali kuna watu.

Na mama mboga, mbona unamhesabu kama hayupo? Huyo ndiye mtu pekee anayesikia sauti yako wikendi. Siku ukinunua sukuma usiondoke akimaliza kukukatia, vuta debe ukae dakika kumi, muulize wateja wa leo wako aje, ukiona foleni imekuwa refu msaidie kufunga zile za shilingi ishirini. Yeye anamjua kila mtu kwa hiyo ploti na ile inayofuata, atakwambia kuna msichana wa pale juu naye hana watu.

Na nyumbani nenda mara moja moja, kuna treni ya Mombasa inayosimama Voi.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama wa miaka 67 hapa Dagoretti. Watoto wangu huja na wajukuu Jumapili moja kwa mwezi na nafurahi sana, lakini wakishakula kila mtu anainama kwa simu yake, hata wale wadogo. Nakaa hapo nikiwaangalia vichwa. Nikisema wataona nawafukuza na wasije tena. Nifanye nini?
Cucu, Dagoretti

JIBU: Mama, nakusalimu kwa heshima. Una watoto wanaofika kila mwezi, hiyo ni baraka kubwa, na hutawafukuza kwa kuwaomba kitu.

Hawana kazi hapo kwako ndio maana. Umeamka mapema umepika yote, umepakua, umeosha, wao wakaachwa na mikono mitupu na simu ndio iko karibu. Jumapili ijayo usipike mapema. Nunua minji ikiwa bado kwa maganda, gunia ndogo, uwamwagie kwa meza kubwa ama kwa mkeka nje, uwaambie mukimo ya leo iko hapo. Wape wajukuu sufuria moja ya kujaza. Simu haishikiki na vidole vyenye utomvu wa minji. Mwanao mkubwa muulize mbele ya watoto wake ile siku aliangusha mtungi wa maziwa akasema ni mbwa, ama yoyote ile mnayo, wajukuu wanapenda sana kusikia baba yao aliwahi kuchapwa.

Halafu mjukuu mmoja mkae naye kando akufundishe hiyo simu, akuonyeshe anaangalia nini. Utashangaa, wakati mwingine ni kitu kizuri, na yeye atafurahi cucu ameuliza. Chai iweke mwisho, minji ikishaisha yote kwa maganda.