Uliza Ujibiwe: Uswidi walitajirika kwa mbao, je mkulima alipata nini?

Kamwene wasomaji. Barua za mwezi huu karibu zote ni za miti na mbao, nimechagua tatu.

SWALI: Shikamoo mhariri. Nina heka nne za paini huku Mufindi. Juzi kwenye daladala mzee mmoja alikuwa anabishana na kijana, anasema Uswidi zamani walikuwa maskini wa kutupwa, wakatajirika kwa kuuza mbao. Ni kweli? Na kama ni kweli mbona huku mbao tunauza kila siku ila anayejenga ghorofa ni dalali? Baba Upendo, Mafinga

JIBU: Marahaba Baba Upendo. Huyo mzee yuko sahihi ila kaikata stori katikati.

Umaskini ulikuwepo, tena wa kutisha. Mwaka 1810 Uswidi ilikuwa na watu kama milioni 2.4, kufika 1900 wamevuka milioni 5, na askofu wao mmoja, Esaias Tegnér, alisema kilichowaongeza ni amani, chanjo na viazi. Ndio, viazi mviringo, hivihivi ambavyo wenzetu wa Njombe wanapakia kwenye malori. Sasa watu wameongezeka ila ardhi ni ileile, watoto wa wakulima wakabaki vibarua, wengine wanalipwa nafaka na maziwa badala ya hela, alafu ikapiga njaa ya 1867 mpaka 1869, kuna sehemu watu walikula mkate uliochanganywa na magome ya miti. Ndo meli za Marekani zikaanza kujaa. Toka katikati ya karne ya 19 mpaka 1930 waliondoka zaidi ya milioni 1, kwa nchi ya watu wachache vile hebu fikiria.

Mbao zikaja kwenye hali hiyo. Uingereza ilikuwa inajenga viwanda, reli na nyumba za wafanyakazi kila kona, inataka mbao, ikapunguza ushuru wa mbao za nje mpaka 1866 ikaufuta kabisa. Huko Uswidi 1849 pale Tunadal, karibu na mji wa Sundsvall, walifungua kiwanda cha kwanza cha kupasua mbao kwa mvuke. Kabla ya hapo misumeno iliendeshwa na maji kwa hiyo kiwanda lazima kikae kwenye maporomoko, ila ukiwa na mvuke unakaa pwani na meli inapakia hapohapo. Na magogo wala hayakuhitaji lori, wakati wa baridi farasi wanayakokota juu ya theluji mpaka mtoni, theluji ikiyeyuka mto unayabeba bure mpaka baharini. (Sisi tukisema tungoje Ruaha Mdogo utubebee, tutangoja sana.)

Sasa mkulima, maana ndo ulichouliza. Kampuni zilipita vijiji vya kaskazini zikinunua haki ya kukata miti, sio shamba, haki ya kukata tu, na mikataba mingine ilikuwa ya miaka 50! Mkulima wa kule msitu kwake ulikuwa kuni na malisho, hajawahi kuuona kama hela, kwa hiyo akipewa noti kadhaa anaona kaokota. Babu anasaini, mjukuu anakuta visiki. Wengine waliuza na ardhi yenyewe, wakaishia kuwa wapangaji kwenye shamba la baba yao. Hebu niambie hiyo ina tofauti gani na jamaa wa huku anayeuza paini ya miaka mitano kwa bei ya kutupa kwa sababu kuna msiba au mtoto kapata chuo, alafu aliyenunua anakaa anaingojea ikomae?

Serikali yao ilishtuka ikaanza kubana. Mwaka 1889 mikataba ya kukata ikawekewa mwisho wa miaka 20, 1905 ikashushwa mpaka mitano. 1903 ikapita sheria kwamba ukikata uhakikishe msitu unaota tena, na 1906 kampuni zikakatazwa kununua ardhi ya wakulima huko kaskazini. Mimi naona walichelewa mno, hela kubwa ilishapita, lakini kilichobaki kilipona, ndo maana mpaka leo karibu nusu ya misitu ya biashara Uswidi ni ya watu binafsi na familia zao. Na hawauzi kila mtu kivyake. Kusini kuna chama cha wenye misitu kinaitwa Södra, kipo toka 1938, mnunuzi anakutana na chama, sio na mtu mwenye msiba.

SWALI: Mambo vipi mhariri, mimi napasua mbao kwenye dingdong (mashine ndogo ya kupasulia) hapa Makambako. Wakulima wamepigwa sawa, na sisi vibarua wa viwandani huko ilikuwaje? Kijana wa Mbao

JIBU: Poa kijana. Ilikuwa ngumu. Mei 1879 bei ya mbao ilikuwa imeporomoka Ulaya, matajiri wa Sundsvall wakakata mishahara, wafanyakazi kama 5,000 wakagoma. Hawakuvunja kitu, walikaa kwa utaratibu, wakaimba nyimbo za dini. Mkuu wa mkoa, Curry Treffenberg, akawaletea wanajeshi na meli za kivita! Nyumba walizokaa ni za kampuni kwa hiyo na kufukuzwa wakatishiwa, wakarudi kazini kwa mshahara uleule uliokatwa, wengine wakapanda meli kwenda Marekani. Shirikisho lao la vyama vya wafanyakazi lilianza 1898, na makubaliano makubwa na waajiri yakasainiwa 1938. Miaka karibu 60 toka ule mgomo.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu Tukuyu. Naomba kujua mabadiliko hayo ya Uswidi yaliwafikia vipi wanawake, na pia nani anapanga bei ya majani ya chai? Mama Tumaini

JIBU: Marahaba mwalimu. Kusoma walianza mapema, wake kwa waume, kwa sababu kanisa lao la Kilutheri lilikuwa linapita kaya kwa kaya kupima kama watu wanajua kusoma na katekisimo, wa Njombe waliokaririshwa wakisubiri kipaimara wananielewa. Mwaka 1842 ikatoka sheria kila parokia iwe na shule. 1845 mtoto wa kike akapewa haki ya kurithi sawa na kaka yake, hii wengi hawaijui, na kwa maoni yangu ni kubwa kuliko kiwanda chochote. Viwandani huko sasa ndo kulikuwa na shida, viberiti vya zamani vilitumia fosforasi iliyokuwa inaozesha mfupa wa taya, na waliokuwa wanavitengeneza wengi ni wanawake na watoto. Kura ya ubunge wanawake walipiga mara ya kwanza 1921.

La chai ni refu, mwalimu, nalijibu toleo lijalo.